Kupaka rangi rejeta za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tukisikia rejeta tunafikiria gari. Hapa tunazungumzia ile ya ukutani, inayopasha nyumba joto kwenye nchi za baridi: boila inapasha maji moto, maji yanazunguka kwenye mabomba, rejeta inakitoa kile kijoto chumbani. Anayehamia Leicester, Oslo au Toronto huikuta chini ya dirisha, mara nyingi imegeuka manjano, imechubuka, na ina kutu pembeni ya valvu. Inapakika, na kazi yenyewe si ngumu. Inayoshinda watu ni haraka.

Je, kila rejeta inaweza kupakwa rangi?

Hapana. Rejeta za bapa za chuma (zile nyembamba zenye mifereji ya kusimama) na zile nzito za zamani za chuma cha kusubu, zenye safu za nguzo, zote zinapakika vizuri. Za aluminiamu zinapakika pia, ila zinahitaji praima (rangi ya msingi inayotangulia) maalumu ya aluminiamu. Kuzitambua ni rahisi: chukua sumaku ya friji uiweke. Isiposhika, hiyo si chuma.

Usipake rejeta ya bafuni yenye kromu inayong'aa kama kioo, ile ya kuanikia taulo. Kromu ni laini mno, rangi haipati pa kung'ang'ania, na itabanduka kwa vipande vikubwa. Usipake pia hita za umeme, ikiwemo zile kubwa zinazohifadhi joto usiku. Baadhi zinafikia joto la juu sana mahali pamoja, na rangi isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kutoa harufu, kuungua au kuziba matundu ya hewa.

Rangi itapunguza joto? Na je, nyeusi inatoa joto zaidi kuliko nyeupe?

Swali hili linaulizwa kuliko yote. Rangi ya kawaida, iwe nyeupe, nyeusi, kijani au maziwa, haileti tofauti utakayoihisi. Joto linalotoka kwenye rejeta kwa mnururisho, yaani kama miale, halionekani kwa macho, na katika aina hiyo ya joto karibu rangi zote za kawaida hutenda sawa. Nyeupe inayoonekana nyeupe kwako ni kama nyeusi kwa joto hilo. Kung'aa nako hakubadilishi kitu.

Rangi inayopunguza joto kweli ni ile yenye chembe za metali: ya fedha, ya aluminiamu, ya shaba. Chembe hizo zinazuia sehemu ya mnururisho. Rejeta nyingi kongwe za Marekani zilipakwa rangi ya fedha. Ukikuta yako iko hivyo, huna haja ya kuikwangua yote: kinachoamua ni mkono (tabaka la rangi) wa juu kabisa. Pitisha rangi ya kawaida juu ya ile ya fedha iliyoshika vizuri, na rejeta itarudia kazi yake.

Ninunue rangi gani?

Zipo njia tatu zinazofaa.

Ya kwanza ni rangi ya maji iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya rejeta. Ina akriliki, hubaki nyeupe miaka mingi, harufu yake ni ndogo, na brashi unaiosha kwa maji. Kwa nyumba yenye watoto au mtu mwenye pumu, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita.

Ya pili ni rangi ya mafuta. Inajilaza vizuri yenyewe, alama za brashi zinafutika, na ikikauka inakuwa ngumu. Lakini harufu yake hukaa siku kadhaa, hukauka polepole, na nyeupe yake hugeuka njano.

Ya tatu ni rangi ya maji ya mbao na chuma, ile ya milango na fremu, ikiwa maelezo ya kopo yanaitaja rejeta. Soma upande wa nyuma wa kopo kabla ya kulipa. Nyingi zinaruhusiwa, baadhi zinakatazwa waziwazi.

Rejeta ya maji moto huwa na joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi juu ya uso wake. Hilo ni joto la kawaida kwa rangi nzuri. Huhitaji kitu cha ajabu.

Kwa nini nisitumie rangi ya jiko au bomba la moshi, inayostahimili nyuzi 600?

Kwa sababu rangi hiyo inahitaji moto mkali ndipo ikomae. Kwenye jiko la kuni inapata moto huo mara ya kwanza tu linapowashwa. Kwenye rejeta haiupati kamwe. Inabaki laini, ukucha unaikwaruza, na kitambaa kibichi kinaondoka na weusi wake. Mtu ananunua kitu cha bei ya juu akidhani anajilinda, kumbe anaharibu.

Nina rangi ya ukutani iliyobaki. Naweza kuitumia ili rejeta ifanane na ukuta?

Tunaelewa kishawishi hicho, na ni kweli rejeta yenye rangi ya ukuta hupotea machoni na chumba kikaonekana kikubwa. Tatizo ni kwamba rangi ya ukutani haikutengenezwa kushika chuma. Ukiipaka moja kwa moja kwenye chuma kitupu, maji yake huamsha kutu ndani ya saa chache. Ukiipaka juu ya rangi ya zamani, itashika kiasi, lakini inachubuka kwa kuguswa na inanyonya uchafu wa mikono. Njia bora ni kupeleka kipande cha rangi ya ukuta dukani wakutengenezee rangi ya chuma ya kivuli hicho hicho. Maduka mengi ya rangi ya Ulaya na Amerika Kaskazini yana mashine ya kuchanganya.

Glosi, satini au mati: nichague ipi?

Kwa kuwa umaliziaji, yaani kiwango cha mng'ao, haugusi joto, chagua kwa kutazama hali ya chuma chako na namna chumba kinavyotumika.

Glosi, yaani inayong'aa kabisa, inafutika kwa urahisi kuliko zote. Mafuta ya jikoni, alama za vidole vya mtoto, matone ya chai: kitambaa kimoja kinatosha. Lakini inatangaza kila kasoro. Kibonyeo kidogo, mchirizi wa rangi ya zamani, chembe ya vumbi, vyote vinaonekana mwanga wa dirisha unapopita kwa ubavu. Glosi inafaa kwa rejeta mpya au laini isiyo na historia ndefu.

Mati, isiyong'aa hata kidogo, inafanya kinyume. Inaficha mabonde na vilima, na kwenye rejeta ya zamani ya chuma cha kusubu inapendeza sana, hasa kwa rangi nzito kama kijivu cha mkaa au kijani cha msitu. Gharama yake ni usafi. Inashika madoa, na ukiisugua sana mahali pamoja panapata mng'ao wa kiraka usiotoka. Korido nyembamba ambako mabegi na magari ya watoto yanagonga rejeta kila siku si mahali pake.

Satini iko katikati, ina mng'ao mdogo kama wa ganda la yai lililochemshwa. Inasamehe kasoro ndogo na bado inafutika. Kwa nyumba nyingi hili ndilo jibu, na kama huna sababu maalumu ya kutaka vingine, nunua satini.

Jambo moja linasahaulika: angalia fremu ya dirisha na ubao wa chini ya ukuta ulio karibu. Rejeta ya glosi katikati ya mbao za satini huonekana kama kitu kilichokosewa, hata mtu asipojua kwa nini.

Bafuni, chagua glosi au satini. Mvuke unatulia juu ya mati na kuacha michirizi.

Nyeupe yangu ya zamani imekuwa njano kama siagi. Imetokana na joto?

Ndiyo, kwa sehemu. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano kadiri inavyozeeka, na joto pamoja na giza vinaharakisha. Ndiyo maana mara nyingi nyuma ya pazia au nyuma ya kochi pana unjano zaidi kuliko upande wa dirisha. Moshi wa sigara na mafuta ya kupikia huongeza. Kama unataka nyeupe ibaki nyeupe, tumia ya maji. Na usipake mkono mmoja tu juu ya njano. Unjano utaonekana kwa chini. Praima nyeupe kwanza, kisha mikono miwili.

Ninunue kiasi gani?

Rejeta ya bapa yenye kimo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1 ina mita 0.6 za mraba mbele. Ukiongeza kingo, juu na sehemu ya nyuma inayoonekana, hesabu mita 0.8. Rangi nyingi za rejeta zinafunika kama mita 12 za mraba kwa lita moja. Mikono miwili ni mita 1.6, yaani mililita 135 hivi. Kopo dogo la mililita 250 linatosha rejeta moja na linabaki la kurekebishia.

Za nguzo zinadanganya macho. Kipande kimoja cha rejeta ya Kimarekani ya safu mbili, chenye kimo cha inchi 38, huhesabiwa futi 4 za mraba za uso. Vipande 10 ni futi 40, karibu mita 3.7. Mikono miwili inakula zaidi ya nusu lita. Nunua mililita 750, na tenga siku nzima.

Lazima iwe baridi kabisa?

Lazima. Rangi ikikutana na chuma cha moto, ngozi ya juu inakauka kabla ya tumbo. Hewa na maji au kiyeyushi vinabaki chini, kisha vinasukuma juu na kufanya malengelenge. Brashi nayo inaanza kuburuta, na alama zake hazifutiki tena.

Zima boila, au funga valvu ya rejeta hiyo, usubiri. Ya bapa hupoa kwa saa 2 hadi 3. Ya chuma cha kusubu, iache usiku kucha. Weka kiganja chako nyuma, katikati. Pakiwa na uvuguvugu, bado. Ndiyo maana wakati bora wa kazi hii ni kati ya Juni na Septemba, nyumba haihitaji joto na madirisha yanaweza kukaa wazi. Chumba kiwe na nyuzi 10 hadi 25. Kikiwa na ubaridi zaidi ya hapo, rangi ya maji haitafungamana vizuri.

Maandalizi yafanyweje?

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli. Kupaka kwenyewe ni nusu saa.

Anza na vumbi. Rejeta inavuta hewa kutoka chini na kuitoa juu, kwa hiyo ndani kumejaa manyoya, nywele na utando. Ng'oa wavu wa juu kama upo (mara nyingi umebanwa kwa klipu pembeni), pitisha brashi ndefu ya rejeta, na tandika gazeti lenye unyevu chini ili vumbi linaloanguka lishike. Usipofanya hivi, kila mara brashi itakapogusa kingo itatoka na nywele.

Kisha osha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sifongo, halafu suuza mara mbili kwa maji safi. Jikoni, rudia. Kama nyumba inatumia dawa ya kupuliza ya kung'arisha samani, futa uso wote kwa spiriti baada ya kukauka. Dawa hizo nyingi zina silikoni, na rangi ikipita juu yake inajikunyata na kufungua viduara vidogo kama macho ya samaki. Ukiviona, kuongeza rangi hakusaidii. Futa yote ikiwa mbichi, safisha, anza upya.

Sasa msasa. Kwa rangi inayobambuka tumia namba 120 mpaka kingo za rangi iliyobaki zitelemke taratibu na kidole kisihisi ngazi. Kwa uso wote mwingine tumia namba 180 hadi 240, kwa mkono mwepesi. Huondoi rangi, unaondoa mng'ao. Ukimaliza, uso uwe na ukungu mwepesi kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Palipobaki pa kung'aa ndipo patakapobanduka. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha uso ukauke.

Mwisho, funika. Ukutani nyuma, bandika karatasi au nailoni kwa tepu ya mchoraji. Valvu na nati, zungushia tepu. Sakafuni, turubai la kitambaa ni bora kuliko nailoni, kwa sababu tone halitelezi na kukanyagwa.

Nyumba ni ya zamani. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi?

Inaweza, na hili tunaomba lichukuliwe kwa uzito wote. Marekani rangi zenye risasi zilipigwa marufuku kwenye makazi mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo ichukuliwe kuwa nayo mpaka ipimwe. Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya, nyumba kongwe zina hatari ileile. Vumbi la risasi linadhuru ubongo wa mtoto mdogo, na mtoto anatambaa pale pale sakafuni ulipopiga msasa.

Vifaa vya kupimia vinauzwa kwenye maduka ya rangi. Ikionekana ipo, usipige msasa mkavu, usitumie bunduki ya hewa moto, wala mashine ya kusaga. Kama rangi imeshika imara, isugue ikiwa imelowa maji kwa msasa usiopitisha maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini (ya daraja la FFP3 Ulaya au P100 Marekani), kusanya matope yote kwenye mfuko, na watoto pamoja na wajawazito wasiwepo chumbani. Kama inabambuka kote, mwite fundi mwenye mafunzo ya risasi.

Kuna kutu. Nifanyeje?

Kwanza ujue inatoka nje au ndani. Kutu ya nje inakaa pale rangi ilipochubuka. Isugue kwa brashi ya waya kisha msasa 120 mpaka uone chuma cha kung'aa, futa, na ndani ya saa moja paka praima ya kuzuia kutu, ile ya zinki fosfeti au redioksaidi. Usiiache usiku, chuma kitupu kinaanza kutu upya kwa unyevu wa hewa tu. Na usiweke rangi ya maji moja kwa moja juu ya chuma kitupu, utaona madoadoa ya machungwa kabla haijakauka.

Kutu ya ndani inajulikana kwa mahali pake: kwenye mshono wa chini, ikiwa na lengelenge dogo gumu, na ukilibonyeza kwa bisibisi linatoa unyevu mweusi. Hapo chuma kimeliwa kutoka ndani. Rangi haizibi tundu hilo. Rejeta hiyo ibadilishwe, na fundi wa boila aangalie kama mfumo una dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji.

Kutu ya valvu mara nyingi ni mvujo mdogo wa nati. Funga tishu kavu kwenye nati usiku mmoja. Ikilowa, tengeneza mvujo kabla ya rangi.

Niitoe ukutani au niipake ikiwa hapo hapo?

Kama ukuta wa nyuma hautapakwa, iache. Sehemu ya nyuma isiyoonekana haihitaji rangi mpya. Tumia rola ndogo ya sponji ya inchi 4 yenye mpini mrefu kufikia sentimita 10 au 15 zinazoonekana kwa juu na kwa ubavu.

Kama unaamua kuitoa, uwe na msaidizi. Rejeta ya paneli mbili ya mita 1 ina uzito wa kilo 30 hivi bila maji. Funga valvu yenye namba. Alama ya theluji haitoshi, kwa sababu chumba kikipoa sana valvu hiyo inajifungua yenyewe kuzuia barafu, na maji yatamwagika ukiwa umelala. Ng'oa kichwa chake na ufunge kifuniko cha kukaza. Upande wa pili kuna valvu yenye kifuniko kisicho na namba. Kiondoe, zungusha spindo kuelekea mshale wa saa mpaka ifunge, huku ukihesabu mizunguko. Andika idadi hiyo ukutani kwa penseli. Ndiyo iliyosawazisha mtiririko wa nyumba nzima, na ukiirudisha vingine chumba kimoja kitakosa joto.

Weka beseni na matambara mengi. Shika mwili wa valvu kwa spana moja, fungua nati kwa nyingine, la sivyo bomba litajipinda. Fungua skrubu ya kutolea hewa juu ili maji yashuke. Maji hayo ni meusi kama wino na hayatoki kwenye zulia. Ukishairudisha, toa hewa kwa ufunguo wake mdogo wa pembe nne, na kwa boila ya mfumo uliofungwa rudisha presha kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa baridi.

Rejeta za mvuke za bomba moja (zinazopashwa kwa mvuke badala ya maji moto), kama zilizoko kwenye majengo mengi ya zamani ya New York, usizitoe mwenyewe.

Nipake kwa mpangilio gani?

Ndani na nyuma kwanza, kingo zifuate, uso wa mbele mwisho. Kwa ya bapa, tumia brashi ya inchi 1 yenye nywele zilizokatwa mshazari kwenye mifereji na mishono, kisha papo hapo pitisha rola ya sponji kutoka juu hadi chini, mstari mmoja baada ya mwingine. Malizia kila mstari kwa pito jepesi la kwenda chini bila kubonyeza. Rangi ya maji inaanza kushika ndani ya dakika 10. Baada ya hapo usiirudie hata ukiona kosa. Liache, likikauka lipige msasa.

Kwa ya nguzo, anza kati ya nguzo kwa brashi iliyopinda shingo, halafu toka nje. Baada ya dakika 15 chuchumaa na tochi uangalie kutoka chini. Matone hujikusanya kwenye tumbo la chini la kila nguzo, mahali usipopaona ukiwa umesimama.

Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene. Rangi ya maji inaruhusu mkono wa pili baada ya saa 4 hadi 6, ya mafuta baada ya saa 16 hadi 24. Kati ya mikono, msasa wa 240 mara moja kwa wepesi.

Kopo la kupuliza je?

Kwa nguzo na kwa wavu wa juu, linatoa uso laini kuliko brashi. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza kabla ya kufika ukingoni na acha ukishaupita, mikono mitatu miepesi. Hasara yake ni ukungu: unasafiri chumba kizima na kutua kwenye kochi. Kama huwezi kuipeleka rejeta nje au kufunika kila kitu, tumia brashi.

Nisipake wapi?

Valvu, nati zake, skrubu ya kutolea hewa na uzi wa skrubu. Rangi kwenye skrubu hiyo inaigandisha, na siku rejeta itakapojaa hewa na kuwa baridi juu, ufunguo utaivunja. Kwenye rejeta za mvuke, kikombe kidogo cha kutolea hewa pembeni kina tundu. Ukiliziba kwa rangi, hewa haitoki na mvuke hauingii. Rejeta inabaki baridi katikati ya Januari.

Rangi ni nzito. Niongeze petroli au mafuta ya taa?

Mafundi wengi Afrika Mashariki huchanganya hivyo wanapopaka mageti na grili, kwa sababu ni rahisi na thina ni ghali. Ndani ya nyumba iliyofungwa yenye boila ya gesi, mvuke wa petroli ni hatari ya mlipuko. Usifanye hata kidogo. Mafuta ya taa nayo huacha uso unaonata. Rangi ya mafuta ipunguze kwa kiyeyushi kilichotajwa kwenye kopo, ya maji kwa maji, na isizidi kiwango kilichoandikwa.

Niwashe lini?

Baada ya saa 24 kwa uchache, na kwa rangi ya mafuta ni bora saa 48. Mara ya kwanza iwashe kwa joto la chini, madirisha wazi. Harufu itatoka, na huo ni mwisho wa kukauka. Kwa kawaida inaisha baada ya kuwashwa mara mbili au tatu. Rangi ya maji inaendelea kukomaa wiki 2 hadi 4. Katika muda huo usianike nguo juu yake. Soksi iliyolowa ikikaa juu ya rangi changa inaganda, na ukiivuta inatoka na ngozi.

Mwaka umepita, inabanduka kwa vipande kama karatasi. Kosa lilikuwa wapi?

Geuza kipande hicho utazame mgongo wake. Ukiwa laini na wa kung'aa, rangi ya chini haikupigwa msasa au ilikuwa na mafuta. Ukiwa na unga wa kahawia, kutu haikuondolewa. Ukiwa umebeba tabaka la rangi ya zamani, basi kazi yako ilishika vizuri, tabaka la zamani ndilo lililoachia, na lilipaswa kukwanguliwa kwanza. Kwa namna yoyote, kwangua mpaka pale kisu kinapogoma, rudia msasa na praima hapo tu, kisha paka uso wote wa mbele ili kiraka kisionekane.

Mimi ni mpangaji. Nahitaji ruhusa?

Ndiyo, kwa maandishi, na taja rangi na umaliziaji. Ujumbe wa simu unatosha mradi jibu lake ulihifadhi. Hifadhi na kopo lililobaki pia: lifunge barabara, andika juu yake jina la chumba na tarehe, na liweke mahali pasipoganda barafu, kwa sababu rangi ya maji ikiganda haiponi.